Upasuaji wa sehemu ya juu ya shingo: maswali ya wanaouguza

Wanaoniuliza maswali haya ni ndugu kuliko wagonjwa wenyewe: mama aliyetoka Ukerewe na kikapu chake, shemeji aliyefunga genge lake Kirumba hapa Mwanza, kaka anayelala kwenye mkeka nje ya wodi. Nayajibu hapa kama ninavyoyajibu pale kitandani. Daktari anayemtibu mgonjwa wako ndiye anayeziona picha zake, kwa hiyo akisema tofauti na mimi, mfuate yeye.

Kijana wetu alijirusha ziwani kutoka juu ya jiwe, kumbe maji ni mafupi. Anatembea, anaongea, ila akitaka kuamka hukishika kichwa kwa mikono miwili. Kwa nini wanataka kumpasua mtu anayetembea?

Hiyo mikono miwili ndiyo inayowatisha madaktari. Mtu hukishika kichwa hivyo kwa sababu mwili umeshajua kwamba shingo haikibebi tena.

Shingo ina pingili 7. Ya kwanza ni kama pete, na kichwa kimeikalia. Ya pili ina kijiti kilichosimama kwenda juu, kinaitwa jino, na pete ile huzunguka kwenye jino hilo. Karibu nusu ya kugeuza kichwa kulia na kushoto hufanyika hapo tu. Jino likivunjika, au kano inayolishikilia ikikatika, pete huanza kuteleza. Na nyuma ya jino unapita ugwe mgongo, ile kamba ya mishipa ya fahamu inayopeleka amri mikononi, miguuni na hata kwenye misuli ya kupumua. Anayetembea leo anaweza kuteleza bafuni na asiinuke tena.

Si maji tu. Wengine wameanguka na pikipiki au kutoka mwembeni, wengine wana kifua kikuu cha mifupa au baridi yabisi ya muda mrefu. Wala si kila mmoja hupasuliwa. Kuna mivunjiko inayopona kwa kola pekee, ile ya kushikilia shingo isisogee. Pale ambapo mfupa hautulii, daktari hufunga pingili hizo mbili kwa skrubu na vyuma, akaweka vipande vya mfupa, mara nyingi vilivyochukuliwa nyongani, ili zishikane ziwe kitu kimoja.

Kuna mzee anakanda vizuri. Tumpeleke kwanza?

Hapana. Wala kinyozi asimnyonge shingo mpaka ilie "ka!"

Tuseme nini kwa daktari kabla ya upasuaji?

Kila kitu anachomeza, anachonusa na anachovuta. Hapa ndipo madhara mengi huzuiwa, na hapa ndipo watu huona haya.

Asprini, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na diklofenaki ya maumivu ya dukani huongeza kutoka damu. Msiziache kimyakimya wala msiendelee kimyakimya. Daktari atasema ipi isimame na lini. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, ni kinyume chake: ikikatwa ghafla mwili unaweza kuzimia mezani. Dawa za VVU haziachwi. Dawa za mitishamba tajeni, hata kama mmeambiwa ni siri ya ukoo. Mwenye kisukari sukari yake ishushwe kwanza, maana kidonda kwenye sukari nyingi huoza upesi. Na huku Kanda ya Ziwa sikoseli ni nyingi, basi kama ipo kwenye familia isemwe mapema, daktari wa usingizi ajipange.

Sigara iachwe wiki kadhaa kabla na isirudiwe mpaka mfupa ushike, kwa sababu nikotini huuchelewesha mfupa kuungana. Wazee hunijibu, "Mimi sivuti." Kisha naona kikopo kidogo mfukoni. Ugoro ni tumbaku ileile, baba.

Na usiku wa kuamkia siku yenyewe?

Chakula kinakoma angalau muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu muda wa saa 2 kabla, au kama mtakavyoelekezwa. Uji ni chakula. Chai ya maziwa nayo ni chakula. Upasuaji umeahirishwa kwa kikombe kimoja ambacho mama alimpa mwanawe kwa huruma, na huruma hiyo ingeweza kuingia kwenye mapafu akiwa amelala.

Mwanamke afumue rasta, kwa sababu mkato huanzia kisogoni. Lakini msimnyoe kwa wembe nyumbani: wembe huacha mikwaruzo ambayo vijidudu hukaa. Watamnyoa wenyewe kwa mashine. Aoge kwa sabuni, atoe rangi ya kucha, aseme kama ana jino linalotikisika au la bandia. Kumwekea mpira wa kupumua mtu ambaye shingo yake hairuhusiwi kukunjwa ni kazi ya uangalifu mkubwa. Wakati mwingine hufanywa akiwa bado macho, koo limetiwa ganzi. Mwambieni kabla, asishtuke.

Ndugu wawili watatu waende kuchangia damu. Msisubiri kuitwa mbio.

Tuambie ukweli: nini kinaweza kuharibika?

Ndani ya pingili hizo, kila upande, umepita mshipa mkubwa wa damu unaokwenda ubongoni. Njia yake si sawa kwa watu wote, ndiyo maana daktari hung'ang'ania picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, pengine ya kuwekwa dawa kwenye mshipa, hata kama eksirei mnayo na fedha ni ngumu. Skrubu hupangwa kwa kuangalia njia hiyo. Kuna pia hatari ya kuumia ugwe mgongo, kuvuja maji yanayouzunguka, kidonda kupata usaha, skrubu kulegea au mfupa kukataa kuungana. Ulizeni haya kabla ya kusaini fomu ya ridhaa. Daktari mzuri hakasiriki.

Ametoka na uso umevimba na vidonda vidogo kichwani. Walimpiga?

Swali hili huwa linaulizwa kwa sauti ya chini, nami silicheki. Alilazwa kifudifudi saa nyingi, na kichwa kilishikiliwa na kifaa chenye pini ili kisisogee hata kidogo. Uvimbe kwa kawaida hushuka siku chache.

Nimsaidieje kitandani?

Ageuzwe kama gogo: kichwa, mabega na nyonga kwa pamoja. Watu watatu, mmoja kazi yake ni kichwa tu, na huyo ndiye anayehesabu. Nimeona ndugu mwenye mapenzi akimvuta mgonjwa kwa mkono ili ampe mto. Usifanye hivyo, mwite muuguzi.

Abadilishwe upande kila baada ya saa 2 hivi asipate vidonda vya mgandamizo. Avute pumzi ndefu mara kwa mara, achezeshe vifundo vya miguu, na daktari akiruhusu aketi kisha asimame. Damu isigande miguuni, mapafu yasijae. Kumeza kunaweza kuwa kugumu mwanzoni. Aanze na vilaini, akiwa ameketi. Sato ni mtamu, lakini miiba yake mtu asiyeweza kuinamisha kichwa haioni. Mchambulieni kwa vidole au mpeni mnofu wa sangara.

Turudi haraka lini?

Mkono au mguu ukilegea au kufa ganzi upya, akishindwa kuzuia mkojo au choo, shingo ikivimba, kupumua au kumeza kukizidi kuwa kugumu: saa hiyohiyo. Homa, usaha, au maji maangavu yanayochuruzika kwenye mshono na kichwa kinachouma zaidi akiketi, siku hiyohiyo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana, usiseme ni uchovu wa safari.

Nyumbani je? Na ataendesha tena bodaboda?

Kurudi nyumbani asipande bodaboda. Gari, kiti cha mbele, kola shingoni. Kola huvaliwa wiki 6 hadi 12 kwa wengi, na ngozi iliyo chini yake ikaguliwe kila siku kama daktari alivyoelekeza kuivua.

Ndoo ya maji, beseni la dagaa, kuni: hakuna kinachopanda kichwani. Kwa mwanamke wa huku hili ni gumu kuliko upasuaji wenyewe, kwa sababu mtungi wa kwanza ukimalizika nyumbani hakuna anayemwangalia, naye anajisikia amepona. Pangeni kabla hajatoka wodini nani atachota.

Kuhusu pikipiki, asubiri mpaka picha zionyeshe mfupa umeshika, na hiyo ni miezi. Hata ukishika, hatageuza kichwa kama zamani. Kutazama nyuma itambidi ageuze mabega yote. Kwenye barabara ya Igoma jioni, na abiria mgongoni, mwenyewe ajipime kama anaweza. Kijana wa jiwe lile alirudi kliniki na kaka yake, akanionyesha jinsi anavyogeuka kwa kiuno kama mtu aliyevaa koti la kubana. Akaniuliza kama ataruhusiwa kuogelea. Kuogelea, baadaye, daktari akikubali. Kujirusha, nikamwambia hapana, naye akamtazama kaka yake, kwa mwili mzima.