Kilomita gawanya kwa 900? Hapana

Nimeletewa tena hesabu ileile. Mtu ametafuta umbali kati ya London Heathrow na New York JFK, akapata kama kilomita 5,540. Akagawanya kwa 900, yaani kasi ya ndege ya kilomita 900 kwa saa, akapata saa 6 na dakika 9. Sasa anauliza kwa nini tiketi yake inasema karibu saa 8 kwenda na karibu saa 7 kurudi, na ameshaamua kwamba shirika linamdanganya.

Kazi yangu ni kupanga safari za ndege: njia, kimo, mafuta. Ile 900 ni kasi ya ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inasafiri. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi huwa mkali zaidi. Februari 2020 Boeing 747 ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56, ikipita juu ya ardhi kwa zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Watu wakashangilia kwamba imeipita sauti. Haikuipita! Ndani ya hewa ilikuwa na mwendo wake wa kila siku.

Kinachoniudhi hasa ni jibu linalofuata: "Si upepo wa omo, yaani wa mbele, na wa tezi, yaani wa nyuma, vinafidiana?" Havifidiani, na nitalirudia hili hadi lieleweke. Chukua upepo wa kilomita 150 kwa saa. Ukikusukuma, unaruka kwa 1,050 na kufika kwa saa 5 na dakika 17. Ukikupinga, unabaki na 750, na safari inakula saa 7 na dakika 23. Jumlisha: umepoteza dakika 21 kuliko siku isiyo na upepo kabisa. Sababu ni kwamba upepo mbaya unakaa nao muda mrefu kuliko ule mzuri. Ndiyo maana ndege ya kwenda magharibi hupangiwa njia ya kuukwepa mkondo, hata kama kilomita zinaongezeka.

Tena tiketi huhesabu toka geti hadi geti, pamoja na foleni ya kuruka. Na kuna anga zilizofungwa: tangu 2022, Helsinki hadi Tokyo imepanda kutoka saa kama 9 hadi kama 13, kwa kuizunguka Urusi.

Nakiri kwamba hata namba yangu ni makadirio. Mkondo ukisogea kilomita 100 tu kutoka ulipotabiriwa, dakika zangu zinaharibika. Kuna siku ndege imefika robo saa mapema, nikapekua karatasi zote nisione nilipokosea.

Ukitaka kukadiria safari yako, tazama ndege hiyohiyo ilitumia muda gani wiki iliyopita, upande uleule.