Chikichi ya Kigoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Wamalaysia walichukua mbegu kwetu."

Hili limesemwa Kigoma mpaka limegeuka historia. Nimelisikia kwenye vijiwe vya kahawa Ujiji, nimelisikia hata mikutanoni. Lakini asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi, na michikichi ya Malaysia chimbuko lake ni miche minne iliyopandwa mwaka 1848 katika bustani ya Bogor, kisiwani Java. Shamba la kwanza la biashara Malaysia lilipandwa mwaka 1917. Tusitafute mwizi. Wenzetu walituacha kwa sababu hawakuchoka kuuchunguza mti huu. Zamani walilipa vibarua wachavushe maua kwa mkono. Mwaka 1981 wakaleta kutoka Kameruni mdudu mdogo, jamii ya fukusi, anayezaliana kwenye maua dume ya mchikichi, na kazi ile akaichukua yeye. Yaani hata kwa Malaysia, utaalamu mwingine ulitoka Afrika.

"Mbegu ya kisasa ina hila, ukiirudia inakataa."

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wanaumia. Mjomba wangu, aliyewahi kupewa miche ya tenera, yaani mbegu ya kisasa, aliokota mbegu chini ya mchikichi mmoja mzuri wa aina hiyo, akaotesha, akapanda, akasubiri miaka. Mingine ikazaa chikichi za kokwa nene kama za kienyeji. Michache ikatoa mikungu iliyooza kabla ya kuiva. Akasema tumetegwa.

Chukua kisu ukate chikichi ya kienyeji, dura. Kisu kinapita kwenye nyama nyembamba, kisha kinagonga gamba gumu. Kata tenera: nyama ni nene, gamba ni jembamba, na ukitazama vizuri utaona duara la nyuzi nyeusi limelizunguka. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera, aina isiyo na gamba ambayo kwa kawaida mikungu yake huharibika. Tenera akichavushwa na tenera mwenzake, katika miche 100 takriban 25 hurudi dura, 50 huwa tenera, 25 huwa pisifera. Akichavushwa na michikichi ya kienyeji iliyomzunguka, kama ilivyo vijijini kwetu, karibu nusu ya watoto ni dura. Ni urithi tu, hakuna aliyeweka kitu ndani. Jambo hili lilielezwa mwaka 1941 na watafiti waliofanya kazi Yangambi, hapo hapo Kongo jirani zetu. Kinachoniuma ni kwamba mjomba alipewa miche bila kupewa maelezo haya, ambayo yangechukua dakika kumi.

"Msaada ni malori ya chakula."

Mtu wa Kasulu aliyezoea kuona malori ya WFP, Mpango wa Chakula Duniani, yakielekea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hawezi kulaumiwa kwa kufikiri hivyo. WFP hugawa chakula pale penye njaa. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lililoundwa mwaka 1945 na lenye makao yake Roma, kazi yake kubwa ni utaalamu: mbegu, udongo, magonjwa ya mimea na mifugo, takwimu, sera. Ukiisubiri FAO ilete magunia, utaiona haifanyi kitu.

"Wataalamu ni wageni."

Nenda kituo cha Kihinga cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, hapa hapa Kigoma, kinachozalisha mbegu za tenera. Utakutana na Watanzania. Mgeni huja na fedha, vifaa au uzoefu wa kwingine, lakini kitaluni ni wao.

Na wajuzi wengine hawana cheti. Kwenye mafunzo fulani, mama mmoja mkamuaji mawese alinyanyua mkono: "Bwana shamba, tenera mawese ni mengi, sawa. Lakini kiini chake ni kidogo, na mise, yaani hivyo viini, ndiyo hela yangu mimi. Mmepiga hesabu ya hapo?" Ni kweli, kiini cha tenera kwa kawaida ni kidogo kuliko cha dura. Bwana shamba alifungua daftari, akaliandika swali, akamwambia atarudi na jibu.