Kabla hujakata majani ya mtaroni hapa Iowa, soma hii kwanza

Tangu mwezi wa tano uanze simu za ofisini zinaingia mpaka kwa Kiswahili, na nashukuru, maana zamani watu wetu walikuwa wanawasha mashine wanakata tu. Malalamiko karibu yote ni hayohayo: kaunti imezembea, majani kando ya barabara yamefika kiunoni, nyoka watatuingilia ndani, kodi yetu inaenda wapi. Jamani. Hayo majani hakuna aliyeyasahau, yamepandwa kwa ajili ya wachavushaji, yaani nyuki na wadudu wengine wanaobeba chavua ya maua, na mbegu zake ukitajiwa bei utatafuta kiti ukae.

Kabla jembe halijafika, kama asilimia 80 ya Iowa ilikuwa preri, majani marefu na maua. Leo haijabaki hata eka moja katika kila eka elfu. Kwingine sehemu kubwa ni mahindi na soya, na kwa nyuki hiyo ni kama kuhamia mtaa wa maghorofa usiokuwa na genge hata moja. Ndo maana tunabanana kwenye mitaro ya barabara, ardhi ya umma iliyobaki ni ile. Na hakuna anayefanya peke yake: kaunti na idara ya barabara ya jimbo wana ardhi, Chuo Kikuu cha Northern Iowa pale Cedar Falls wana kituo cha preri kinachosaidia kaunti kupata mbegu za asili, ofisi za kilimo za serikali kuu zinatoa hela, shirika la Pheasants Forever wanatoa wataalamu wa kukaa na mkulima kumpangia shamba lake. Hawa Pheasants Forever asili yao ni wawindaji, na ndege wanayempenda, pheasant, wa jamii ya kuku, ni mhamiaji kutoka Asia, lakini anataga humohumo kwenye majani yanayomfaa nyuki kwa hiyo tunaelewana.

Sasa sheria, na hapa naomba usome taratibu. Kwenye barabara za kaunti na barabara kuu za jimbo hairuhusiwi kukata majani ya eneo la barabara kabla ya tarehe 15 Julai. Sio 15 Juni, ni Julai. Kuna sehemu ambazo sheria yenyewe inaruhusu: ndani ya yadi 200 kutoka nyumba inayokaliwa na watu, ndani ya maili moja kutoka mpaka wa mji, pale majani yanapoziba kuona magari, kupata njia ya kufikia sanduku la barua, karibu na mabomba ya kutoa maji shambani ndani ya futi 50, na kuua magugu yaliyokatazwa. Mtu ananiambia "mimi nimekata kidogo tu mbele ya shamba". Kidogo hakimo kwenye orodha, nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda. Uwanja wa nyumbani kwako mjini ni habari nyingine, huko fuata kanuni za mji wako.

Wengi wetu hatuna mashamba yaliyo kwenye CRP, ule mpango ulioanza 1985 ambapo serikali inamlipa mkulima kodi ya pango kila mwaka apumzishe ardhi miaka 10 mpaka 15, lakini tunaajiriwa kukata majani na wenye nayo, kwa hiyo inakuhusu. Shamba la wachavushaji linatakiwa liwe na aina zisizopungua tisa za maua, tatu za masika, tatu za kiangazi, tatu za vuli, ili meza isikauke. Kuanzia 15 Mei mpaka 1 Agosti ndege wanataga, hapo hukati bila ruhusa ya FSA, ofisi ya kilimo ya serikali kuu inayosimamia mpango huu. Na kukata ili pawe pasafi tu machoni hairuhusiwi tarehe yoyote. Mwenye shamba akivunja mkataba anarudisha malipo yote aliyowahi kupokea, yote, na riba, halafu juu yake asilimia 25 ya kodi ya pango ya mwaka kama fidia. Bosi akikwambia "kata tu", muombe akuonyeshe ruhusa.

Na inalipa? Chuo cha Iowa State walianza majaribio mwaka 2007 pale hifadhi ya Neal Smith karibu na Prairie City, wakageuza asilimia 10 tu ya shamba kuwa vipande vya preri katikati ya mahindi na soya. Wachavushaji wakaongezeka mara 3.5, maji yanayotiririka yakapungua asilimia 37, na udongo uliobaki shambani ukawa mara 20. Mimi nikiwa na mkulima anayebisha namuonyesha tu mtaro wa jirani yake siku ya mvua kubwa, maji meusi upande mmoja, upande wa preri karibu meupe.

Kuna anayesema anasaidia, kanunua mizinga miwili. Nyuki wa asali kaletwa na Wazungu, ni mfugo kama kuku, asali yake tamu sana lakini hatuhangaiki kwa ajili yake. Tunaowahangaikia ni nyuki wa asili wa hapa, kama nyuki-bambi (yule mnene mwenye manyoya) mwenye doa la rangi ya kutu mgongoni, aliyewekwa kwenye orodha ya viumbe hatarini 2017. Kumuua kwa makusudi ni kesi ya serikali kuu, faini mpaka dola 50,000 au jela mwaka mmoja, au vyote viwili.

La mwisho ni mchicha, au lengalenga kwa ndugu zetu wa Kongo. Mwaka 2016 mifuko ya mbegu za maua ilituingizia humo mchicha wa Palmer, gugu ambalo mche mmoja unatoa mbegu laki kadhaa. Sio ule wa bustanini kwako, msije mkang'oa mboga. Chukua jani, kunja kikonyo chake juu ya jani lenyewe: kikizidi urefu wa jani, shina halina manyoya, piga picha utuletee. Tangu 2017 kisheria mwenye ardhi analazimika kuuangamiza. Ila kama ni shamba la CRP usimwage dawa shamba zima, piga simu FSA kwanza, maana ukiua na maua tunarudi kwenye ile asilimia 25.