Jaji mmoja tu Marekani, mbona vita yote hiyo?

Kwenye semina zetu za elimu ya sheria kuna swali halikosekani, eti Wamarekani na ukubwa wao wote inakuwaje kumpitisha jaji mmoja wa Mahakama ya Juu nchi nzima inagawanyika kama siku ya dabi. Wengi wanasema ni siasa chafu za siku hizi. Siasa chafu zipo, ila angalia katiba yao kwanza, inasema rais atateua kwa ushauri na ridhaa ya Seneti (baraza la juu la bunge lao), basi, imeishia hapo. Haijasema Seneti ichukue siku ngapi, haijasema mteuliwa lazima ahojiwe, hata kwamba kura lazima ipigwe haijasema. Halafu majaji wako 9 tu na hawana umri wa kustaafu, mtu anaweza kukalia kiti miaka 30.

Sasa chukua kiti cha jaji Antonin Scalia. Alifariki tarehe 13 Februari 2016, kiti chake mahakamani kikafunikwa kitambaa cheusi kama desturi yao ilivyo, na siku hiyohiyo, marehemu hata hajazikwa, Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublikan waliokuwa wengi Seneti, akatangaza nafasi ile isijazwe mpaka uchaguzi wa Novemba upite, wananchi waseme kwanza. Machi Obama akamteua Merrick Garland. Watu wanasemaga Garland alikataliwa, hapana jamani, hakukataliwa, hakuna aliyempigia ndio wala hapana, kamati haikumwita hata kumhoji, jina lilikaa tu siku 293 hadi Seneti ile ikamaliza muda wake Januari 2017 na jina likafa nayo. Na pa kushtaki hakuna, maana ukitafuta kifungu kilichovunjwa hukioni.

Trump akaingia akamteua Neil Gorsuch. Wademokrati wana donge la Garland, wakamzuia kwa ule utaratibu uliokuwa unataka kura 60 ndo mjadala ufungwe, Warepublikan wakaufuta utaratibu wenyewe Aprili 2017 ikawa wingi wa kawaida unatosha, Gorsuch akapita 54 kwa 45. Ila tuwe wakweli, Wademokrati ndo walianza kuuchokonoa, 2013 waliufuta kwa majaji wa mahakama za chini. Na Warepublikan mpaka leo wanamkumbuka Robert Bork, mteuliwa wa rais wao Reagan, aliyeangushwa 42 kwa 58 mwaka 1987. Kila upande una kidonda chake cha kukuonyesha.

Na haikuwa hivi siku zote. Scalia alipita 98 kwa 0 mwaka 1986, Ruth Bader Ginsburg 96 kwa 3 mwaka 1993, na hao wawili kimtazamo ni mbingu na ardhi. Ginsburg akafariki Septemba 2020, Amy Coney Barrett akapitishwa 26 Oktoba, siku 8 kabla ya uchaguzi, 52 kwa 48, hakuna Mdemokrati hata mmoja aliyemuunga mkono. Safari hii McConnell akaeleza kwamba rais na Seneti ni wa chama kimoja kwa hiyo mambo ni tofauti na 2016. Mimi hoja hiyo hainiingii sana, lakini kikatiba hakuna wa kumbana. Juni 2022 majaji 5 wakaifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, na watatu kati yao ni walioteuliwa na Trump, Gorsuch, Brett Kavanaugh na Barrett.

Kavanaugh huyo kura yake ya Oktoba 2018 ilikuwa ya moto kweli, lakini kuna kitu kidogo kilitokea humo wengi hakikuwafikia. Seneta Lisa Murkowski, Mrepublikan ila hamtaki Kavanaugh, badala ya kusema hapana akajibu yupo tu, yaani hahesabiwi ndio wala hapana, hapana yake ifutane na ndio ya asiyekuwepo, ili mwenzake wa chama Steve Daines, aliyetaka kumpigia ndio lakini yuko Montana anaozesha binti yake, asikatishe harusi kurudi Washington. Ikatoka 50 kwa 48. Wangepiga wote wawili ingekuwa 51 kwa 49, Kavanaugh angepita vilevile, na bibi harusi angekosa baba.