Je, kila msiba ni adhabu ya dhambi?

Kwenye matanga hapa Mombasa, Likoni hadi Kisauni, Wakristo wengi huamini kwamba aliyepatwa na msiba analipia dhambi fulani. Imani hiyo ina msingi: Mithali huwaahidi mema wenye haki. Lakini Biblia haiishii hapo. Katika Yohana 9, Yesu anasema yule kipofu hakuzaliwa hivyo kwa dhambi yake wala ya wazazi wake. Inaniuma sana mfiwa anapoongezewa lawama. Wanasaikolojia hueleza kwamba mara nyingi tunamlaumu aliyeumia ili sisi tujihisi salama. Ukinukuliwa mstari, soma sura nzima, uangalie nani anasema. Kwa mfano, maneno makali dhidi ya Ayubu, mtu mwadilifu aliyepatwa na misiba, ni ya rafiki zake, Elifazi na wenzake, ambao Mungu anawakemea katika Ayubu 42:7.