Kwa nini mota isiyo na brashi husita kabla ya kuzunguka

Ukiwasha feni ya dari yenye mota isiyo na brashi (vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), huenda isizunguke papo hapo. Inatikisika, pengine inarudi nyuma kidogo, ndipo inashika mwendo. Wenye feni hudhani imeharibika. Kumbe inatafuta sumaku zake ziko wapi.

Katika mota hii kontrola, yaani saketi inayoiendesha, ndiyo inayogawa umeme: transista sita hulisha fezi (makundi ya koili) mbili kati ya tatu, kwa zamu ya hatua sita. Zamu ikikosewa, rota, ile sehemu inayozunguka yenye sumaku, haiendi. Mota nyingine zina sensa za Hall za kuonyesha rota ilipo. Zisizo nazo hutegea sikio fezi iliyopumzika. Sumaku ikipita mbele ya koili huzalisha volteji, na inapovuka sifuri kontrola hujua mahali ilipofika. Lakini volteji hiyo hukua kadiri mwendo unavyokua. Rota ikiwa imesimama, hakuna cha kusikiliza.

Njia ya zamani ni kuilazimisha: unashika fezi mbili kwa umeme mpaka rota ivutwe mahali unapopajua, kisha unaisukuma kwa hatua za upofu mpaka volteji yake isomeke. Bandika selotepu nyeupe kwenye rota uone: inapita mahali pake, inarudi, inapita tena, kama mlango wa springi. Lazima usubiri itulie, na mapanga mazito ya feni hayana haraka.

Wanafunzi wetu wakiambiwa wapunguze muda huo, karibu wote huharakisha zile hatua za upofu. Hapo ndipo wanapokosea. Rota inaachwa nyuma, mota inalia bila kwenda, na kontrola inaanza upya. Muda mwingi unapotea kwenye kule kusubiri itulie, na ndiko kwa kukata.

Badala ya kuivuta rota, iulize ilipo. Piga mapigo sita ya umeme, kila moja la mikrosekunde makumi kadhaa, kila moja kwa mwelekeo wake. Pale uga wa sumaku unapousaidia ule wa koili, chuma cha koili kinashiba, yaani hakiwezi kubeba usumaku zaidi, na mkondo unapanda haraka zaidi. Pigo lililopanda juu kuliko mengine ndilo linalotaja rota ilipo. Milisekunde chache zimetosha, na rota haijasogea. Kwenye mota ya droni yenye sumaku 14, umeshaipata ndani ya nyuzi 9 za mzunguko wake. (Mota isiyo na chuma ndani ya koili haijibu vizuri, usihangaike nayo.)

Kuna na umeme wa kukatika na kurudi. Feni bado inazunguka, halafu programu inaifunga breki ili ianze kuipanga upya! Soma kwanza volteji ya fezi zote tatu kabla ya kulisha chochote. Ikiwa inakwenda mbele, idake hapo hapo. Ikiwa upepo wa dirishani umeizungusha kinyume, hapo tu ndipo breki inapostahili.