Mzee kuyumba akigeuka: si miguu tu

Wengi hudhani mzee huyumba akigeuka kwa udhaifu wa miguu tu. Sivyo. Kijana akigeuka, macho hutangulia, kichwa hufuata, kisha mabega, kiuno na nyayo. Umri ukisogea, shingo na mgongo hukakamaa, hisia za nyayo na za sikio la ndani, linalosaidia mwili usiyumbe, hufifia. Kichwa na kiwiliwili huzunguka kwa pamoja, kwa hatua nyingi fupi. Hatua hizo ni tahadhari ya mwili, msimharakishe. Hatari ni kuzungukia mguu mmoja au kupishanisha miguu, hasa kwa kandambili juu ya mkeka. Basi bibi asiitwe kwa nyuma akiwa na ndoo mkononi. Asimame kwanza, atazame anakokwenda, ndipo ageuke kwa nusu duara pana. Kipimo cha Berg, kinachopima uwezo wa kusimama na kusogea bila kuyumba, katika jaribio lake la kugeuka hutoa alama kamili kwa anayezunguka duara zima salama, kila upande, ndani ya sekunde 4.